Sosi ya kuchovyea mboga isiyotegemea mayonezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Ya mwanzo

Sosi ya kuchovyea ni kitu gani, na ina tofauti gani na chatini au kachumbari?

Ni rojo zito la baridi linalowekwa katikati ya sinia ili mtu achovye kipande cha karoti, tango, muhogo au kababu. Chatini ya nazi inayoliwa na bhajia na viazi karai ni ya ukoo huo huo. Kachumbari haimo, kwa sababu yenyewe inaliwa kwa vipande na maji yake.

Kuna kipimo kimoja cha kuitambua iliyo sawa. Chota kwa kijiko, kisha kiinamishe. Ikitiririka kama uji mwepesi, haitashika karoti na itamwagikia nguo za wageni. Ikisita kidogo halafu ikaanguka kwa pande moja, iko tayari.

Mayonezi ina ubaya gani?

Mayonezi ya kawaida ya dukani karibu robo tatu yake ni mafuta. Vijiko viwili vikubwa, yaani gramu 30 hivi, vina takriban kilokalori 200. Kiasi hicho hicho cha mtindi wa kuchuja wa maziwa kamili kina kama 35, parachichi kama 50, na sosi ya dengu na ufuta kati ya 50 na 70. Na hakuna anayeishia vijiko viwili akiwa amesimama karibu na sinia huku stori zinanoga.

Ile inayoandikwa kuwa imepunguzwa mafuta mara nyingi huongezwa wanga, sukari na chumvi ili irudishe uzito na ladha. Soma lebo kabla ya kufurahi. Kama familia haitaki kuiacha kabisa, changanya kijiko 1 cha mayonezi kwa vijiko 3 vya mtindi wa kuchuja, wengi hawagundui.

Badala yake nitumie nini?

Misingi inayofanya kazi ni minne: mtindi wa kuchuja, dengu, parachichi na bilinganya ya kuchoma. Nazi ni wa tano, lakini una masharti yake. Anayeanza aanze na mtindi: hauhitaji moto wala blenda, na ukikosea unarekebishika.

Mapishi yanasema dengu. Ni dengu zipi?

Hapa ndipo Mtanzania na Mkenya hupishana sokoni. Tanzania, dengu ni zile punje za mviringo zenye ncha ndogo kama mdomo wa ndege, za kahawia au nyeupe. Kenya, ndengu ni zile ndogo za kijani ambazo Tanzania huitwa choroko. Sosi hii inataka zile zenye mdomo. Kwenye maduka ya Wahindi ulizia chana. Nyeupe kubwa hutoa sosi laini zaidi, za kahawia hutoa yenye ladha nzito na rangi iliyofifia.

Choroko nazo zinafaa na huiva haraka, ila sosi yake hukaribia ladha ya mchuzi, kwa hiyo ongeza ndimu.

## Msingi wa mtindi

Mtindi unachujwaje?

Tandika kitambaa safi cha pamba kwenye chujio (kile cha kuchujia tui kinatosha, mradi hakinuki nazi ya jana), weka chujio juu ya bakuli refu, mimina lita 1 ya mtindi mtupu usio na sukari. Funika, weka kwenye friji saa 6 hadi 8. Utapata gramu 400 hadi 500 za mtindi mzito unaosimama wenyewe, na maji ya manjano chini. Maji hayo usiyamwage: kandia unga wa chapati au ongeza kwenye uji.

Usikamue kitambaa kwa haraka. Mtindi hupenya kwenye nyuzi, nawe unabaki na nusu ya mali yako kwenye maji.

Nimechuja usiku kucha na bado ni mwepesi. Kwa nini?

Sababu huwa moja kati ya tatu. Mtindi ulikuwa wa kunywa, uliotikiswa kiwandani, na utando wake umeshavunjika. Au umetiwa wanga au jelatini, ambavyo hushikilia maji yasitoke. Tazama orodha ya viungo, na kwa anayefuata halali jelatini ni jambo la kuuliza chanzo chake. Au kitambaa ni cha nailoni chenye matundu madogo mno. Maziwa mala nayo huchujika, ila hutoa kidogo, wakati mwingine robo tu ya ulichomimina.

Mtindi wa kienyeji kutoka kwa mfugaji unafaa?

Ladha yake inashinda wa dukani, kwa sharti maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa mabichi huweza kubeba bruselosi (homa inayotoka kwa mifugo) na kifua kikuu cha ng'ombe, na ukali wa mtindi hautoshi kuua vimelea hivyo. Kama muuzaji hana jibu la moja kwa moja, nunua maziwa, yachemshe, yaache yawe vuguvugu, kisha yagandishe mwenyewe kwa vijiko 2 vya mtindi mtupu kwa kila lita.

Nipeni kipimo kimoja cha kuanzia.

Mtindi wa kuchuja gramu 250. Tango 1 la wastani. Kotmiri iliyokatwa nusu kikombe. Majani machache ya nanaa. Punje 1 ndogo ya kitunguu saumu. Maji ya ndimu kijiko 1 kikubwa. Chumvi robo kijiko cha chai. Binzari nyembamba (uzile, kwa wa pwani) iliyokaangwa kavu na kusagwa, robo kijiko cha chai. Pilipili ni hiari.

Twanga kitunguu saumu, kichanganye na ndimu, kiache dakika 10. Kwaruza tango, toa maji yake kama inavyoelezwa kwenye swali linalofuata. Changanya vyote kwa kijiko, weka kwenye friji nusu saa, onja tena. Unapata karibu gramu 350.

Ilikuwa nzuri, baada ya saa moja ina maji juu. Nimekosea wapi?

Maji ndiyo yanayoharibu sosi za aina hii kuliko kitu kingine chochote. Mayonezi hustahimili kwa sababu mafuta yake yanaifunga. Ukiyaondoa mafuta, kila tone la maji kwenye tango, nyanya, kitunguu na majani linatafuta pa kutokea. Tango karibu lote ni maji, na chumvi huyavuta nje. Kwa hiyo yavute mapema, kabla hayajaingia bakulini.

Tango: kata kwa urefu, komba mbegu kwa kijiko, kwaruza, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, acha dakika 15, suuza haraka, kamua kwa mkono mpaka yasitoke tena. Nyanya: toa mbegu na ute, tumia nyama tu. Kotmiri na nanaa: osha saa moja kabla, kung'uta, kausha kwa taulo safi, majani yenye matone yanatosha kuilegeza sosi nzima. Kitunguu maji: kifikiche kwa chumvi kama unavyofanya kwa kachumbari, suuza, kamua. Hapo unapunguza maji na ukali kwa pamoja.

Ikiwa maji yameshatokea, usiyakoroge ndani. Inamisha bakuli uyamwage, halafu ongeza kijiko kimoja au viwili vya mtindi mzito.

Naweza kusaga vyote kwenye blenda?

Majani na pilipili, ndiyo. Mtindi, hapana. Visu vya blenda huvunja utando wa mtindi na ndani ya sekunde chache kile ulichochuja usiku kucha kinakuwa kinywaji. Saga majani kwanza na ndimu, kisha yakoroge ndani ya mtindi kwa kijiko. Usipokuwa na umeme, kinu na mchi vinafanya kazi nzuri zaidi hapa, maana majani hupondeka bila kuongezwa maji.

## Dengu, parachichi, bilinganya na nazi

Dengu zangu hazilainiki. Sosi ina chengachenga. Nifanyeje?

Anza na gramu 200 za dengu kavu. Loweka saa 8 hadi 12 kwenye maji mara tatu ya ujazo wake. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa maji hayo huanza kutoa povu na harufu kabla ya alfajiri, hivyo loweka ndani ya friji au badilisha maji mara mbili. Mwaga, weka maji mapya na nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Soda hiyo hulegeza ngozi; bekingi pauda haifanyi kazi hiyo ipasavyo. Chemsha dakika 40 hadi 60, au dakika 20 hadi 25 kwenye sufuria ya presha. Zimeiva pale punje inapopondeka kati ya vidole viwili bila kubana. Wengi huepua dakika 15 mapema, na huko ndiko chenga zinakotoka.

Zisage zikiwa bado moto, zikisha kuchujwa (zitakuwa gramu 450 hivi), pamoja na vijiko 3 vikubwa vya ufuta uliosagwa, ndimu vijiko 2 hadi 3, punje 1 ya kitunguu saumu, chumvi nusu kijiko cha chai na binzari nyembamba kidogo. Blenda ikiwa inazunguka, tia maji ya barafu kijiko kimoja kimoja, 4 hadi 6. Itabadilika rangi na kuwa nyeupe zaidi, laini. Usishtuke ikiwa nyepesi: ikipoa hukaza sana. Jumla ni karibu gramu 600.

Ufuta uliosagwa siupati. Kuna mbadala?

Kaanga ufuta mweupe gramu 100 bila mafuta, moto mdogo, dakika 3 hadi 4 mpaka uanze kunukia. Ukigeuka kahawia umechelewa, utakuwa mchungu. Usage na kijiko 1 cha mafuta. Siagi ya karanga isiyo na sukari nayo inafaa, vijiko 2 badala ya 3, ila sosi itakuwa ya karanga kweli kweli. Korosho mbichi zilizolowekwa saa 2 hutoa ulaini kuliko vyote hivyo na hazina uchungu.

Parachichi linageuka jeusi. Kuweka kokwa ndani kunasaidia?

Kokwa hulinda pale tu lilipofunika. Kinachogeuza rangi ni hewa kukutana na vimeng'enya vya parachichi, kwa hiyo zuia hewa: tia ndimu kijiko 1 kwa kila parachichi, sawazisha uso wa sosi, bandika karatasi ya plastiki juu ya sosi yenyewe (juu ya bakuli peke yake haitoshi), kisha funika. Hata hivyo itengeneze siku ile ile.

Chagua tunda pia. Hass, lile dogo lenye ganda la vigwaruza linalolimwa sana Njombe na Rungwe, lina mafuta mengi na hutoa sosi nzito. Yale makubwa ya kijani laini mara nyingi yana maji. Yaponde kwa uma, usiyasage, na ongeza vijiko 2 vya mtindi wa kuchuja au dengu zilizopondwa.

Bilinganya mbona inakuwa kama gundi?

Imesagwa kwenye blenda. Choma bilinganya 2 kubwa (gramu 600 hivi) kwenye jiko la mkaa baada ya kuzitoboa kwa uma, ukizigeuza, dakika 15 hadi 20, mpaka ganda liungue na ndani ziregee kabisa. Zipasue, weka nyama yake kwenye chujio dakika 20. Maji ya kahawia yanayotoka ndiyo yenye uchungu. Kisha katakata kwa kisu. Utabaki na gramu 300, changanya na vijiko 3 vya mtindi mzito, ndimu, chumvi, kitunguu saumu. Waliokaa Oman na nchi za Ghuba wataitambua: ni jamaa ya mutabbal, sosi ya bilinganya ya Waarabu. Ya oveni huiva vizuri lakini hukosa moshi, na bila moshi hakuna cha kusimulia.

Na chatini ya nazi? Si ni mboga?

Nazi mbichi ina mafuta kama theluthi moja ya uzito wake, na mengi ni yale mafuta ya kuganda. Usiifukuze mezani, igawe nusu kwa nusu na mtindi wa kuchuja, zidisha kotmiri, pilipili mbichi na ndimu. Harufu ya nazi inabaki. Huchacha haraka, kwa hiyo itengeneze asubuhi ya siku ya kuliwa.

## Chumvi na ladha

Sosi yangu ni ya afya lakini haina ladha. Niongeze kijiko cha mchuzi wa pakiti?

Unga wa pakiti na vipande vya kuungia mchuzi sehemu kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Ukitia kijiko cha unga huo bakulini umerudisha kwa mlango wa nyuma ulichotoa kwa mlango wa mbele.

Kabla ya chumvi, ongeza ukali: ndimu, ukwaju kidogo, au kijiko cha chai cha unga wa ubuyu, ambao pia hufyonza maji na kukaza sosi. Halafu harufu: binzari na ufuta vilivyokaangwa kavu, ganda la limau lililokwaruzwa. Onja ikiwa baridi, kwa sababu ubaridi hupunguza ladha. Iliyokolea jikoni huwa doro ikitoka frijini.

Kitunguu saumu kimezidi siku ya pili.

Kibichi huendelea kukolea kikikaa. Ukipanga kuihifadhi, tia nusu ya kipimo, au choma kichwa kizima na ganda lake mpaka kilainike. Na usikitie kibichi kwenye mafuta ukaacha chupa kabatini: mazingira hayo yasiyo na hewa hukuza bakteria wa botulizimu, ambao hutoa sumu kali.

## Vya kuchovya

Mboga gani zinafaa zaidi ya karoti na tango?

Pilipili hoho za rangi, figili, koliflawa mbichi iliyochanwa vidogo, nyanya ndogo. Maharage machanga na bamia changa: tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 2, kisha kwenye maji ya barafu, kausha. Embe bichi la kukata vipande virefu na sosi ya mtindi yenye pilipili halishindwi na kitu. Muhogo uchemshwe au uchomwe. Mbichi usiweke sherehe ya watu wengi, maana huwezi kuapa kuwa kila mzizi ni wa aina tamu.

Krispi za viazi au ndizi zikiwa ndizo chombo pekee cha kuchovyea, kazi yote uliyofanya kwenye sosi imekwenda bure.

Nazikata na kuziosha vipi?

Osha kabla ya kukata, kwa maji yanayonyweka. Maji ya bomba usiyoyaamini yachemshe na kuyapoza kwanza. Kata vipande vya sentimita 5 hadi 6, unene wa kidole kidogo. Karoti na figili hukaa siku moja kwenye maji ya baridi ndani ya friji. Tango likatwe saa mbili kabla, likae kwenye chombo chenye karatasi ya jikoni. Vyote vikaushwe kabla ya kupangwa: kipande chenye maji hakishiki sosi.

## Sherehe

Watu 20 wanahitaji kiasi gani?

Piga gramu 50 za sosi na gramu 120 za mboga kwa kila mtu: kilo 1 ya sosi, na kilo 3 za mboga sokoni ili zibaki 2.4 baada ya kumenya. Kipimo kimoja cha mtindi na kimoja cha dengu vinakaribia kilo hiyo. Kukiwa na sambusa, kababu na mishikaki, nusu inatosha. Aina mbili za sosi ni bora kuliko tano. Kwenye tano, tatu hubaki zimeguswa tu.

Inaweza kukaa mezani muda gani?

Saa 2, na saa 1 tu joto likizidi nyuzi 32, jambo la kawaida kwenye tenti la shughuli mwezi wa pili. Weka bakuli dogo ndani ya sinia la barafu, na vingine vikae frijini. Likiisha, leta bakuli jipya. Usiongezee juu ya mabaki, kwa sababu ya zamani huambukiza mpya.

Watu wanachovya, wanauma, wanachovya tena. Nitawazuiaje bila kuwaaibisha?

Kata vipande vifupi vya kuisha kwa mara moja. Au tumia vikombe vidogo: vijiko 2 vya sosi chini, vipande 5 vya mboga vikisimama ndani. Kila mgeni na chake, na kwenye kichen pati hupendeza kwa picha.

Naisafirisha kwa bodaboda. Itafika?

Ifike kwenye kopo la mfuniko wa kubana, lililojazwa hadi juu, kando ya chupa ya maji yaliyogandishwa. Mboga zisafiri mbali na sosi, na parachichi lipondwe huko huko.

## Kuhifadhi

Inakaa siku ngapi kwenye friji?

Ya mtindi na tango siku 2, ya mtindi bila tango 3, dengu 4, bilinganya 3, parachichi 1. Ile iliyokaa mezani isirudishwe. Kwenye friza, dengu hustahimili miezi 2 hadi 3 (igandue frijini na uikoroge na ndimu), na parachichi lenye ndimu nyingi nalo linafaa. Mtindi hukatika na tango huwa kamasi.

## Hali za pekee

Mgeni tumbo lake halipatani na maziwa.

Mtindi wa kuchuja una laktosi (sukari ya maziwa) pungufu kwa kuwa nyingine imetoka na maji, lakini haujaisha. Mpe dengu au korosho. Ufuta, karanga na korosho nazo huwadhuru wenye mzio, hivyo andika kikaratasi kando ya kila bakuli.

Kuna wenye kisukari na wa figo.

Kwa kisukari sosi hizi zina nafasi, ila dengu zina wanga na zihesabiwe. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asijichotee parachichi na dengu bila kumuuliza daktari wake.

Watoto wadogo?

Chini ya miaka 4, karoti mbichi na vipande vingine vigumu vinaweza kuwakaba. Zichemshe mpaka zipondeke kwa vidole. Pilipili weka kando, watu wazima wajitilie.

Nitumie maharage mekundu badala ya dengu?

Ndiyo, lakini yalowekwe, maji yamwagwe, na yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kupunguza moto. Yasiyoiva yana sumu iitwayo lektini inayoleta kutapika, na moto mdogo wa jiko la umeme la taratibu hauiondoi.

Imebaki sosi ya dengu nusu kopo, haijafika mezani.

Paka ndani ya chapati, weka kachumbari iliyokamuliwa na yai la kuchemsha, kunja. Au ilegeze kwa maji ya moto, unga na nyanya na bizari, ule na wali.